Ngozi Haisemi Umri Wote

Tangu nirejee Unguja kutoka Uingereza, neno ninaloambiwa mara nyingi kuliko yote, baada ya salamu na kuulizwa khabari za waliobaki huko, ni kwamba sijazeeka. Ninaambiwa barazani, ninaambiwa kwenye shughuli za harusi, na kila anayelisema huwa na sababu yake tayari. Mmoja husema baridi ya Uingereza humhifadhi mtu. Mwengine husema sisi watu weusi ndivyo tulivyoumbwa, na kwamba Mzungu wa umri wangu angekuwa keshakunjamana uso wote. Kutoka hapo mazungumzo hupanuka na kila kabila likapewa uzee wake: Wahindi hushikwa na sukari mapema, Waarabu huota mvi wangali vijana, watu wa kusini hawazeeki kwa sababu ya samaki na madafu. Kwangu mimi haya si maneno ya kupitishia wakati. Huko nilikokuwa, kazi yangu ilikuwa ni kuwahudumia wazee katika makao yao, na ndani ya jengo moja niliwaosha, nikawavisha na kuwalisha Waingereza, Wajamaika, Wahindi wa Gujarat na Wasomali. Tofauti za kuzeeka zipo, lakini nyingi kati ya hizo tunazozisifia ziko juu ya ngozi tu, na uzuri wa ngozi yetu umetuzoesha kudhani kwamba kisichoonekana hakipo.

Lililo kweli lisemwe kwanza. Ngozi nyeusi huchelewa kukunjamana, na sababu yake inajulikana. Wanaadamu wote wana idadi inayokaribiana ya chembe zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi. Kinachotofautiana ni wingi wa rangi yenyewe, aina yake, na namna punje zake zinavyosambaa. Kwa mtu mweusi punje hizo ni kubwa na zimetawanyika moja moja, zikaifunika ngozi vizuri zaidi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1979 ulipima miale ya jua inayopenya ngozi ya juu, ukakuta kwamba kwa mtu mweusi ni kiasi cha asilimia 7 tu ya miale mikali inayounguza ndiyo inayopita, ilhali kwa mtu mweupe hupita asilimia 24. Miale ya jua huzikata nyuzi za kolajeni zinazoishika ngozi ikae imara, kwa hiyo yule ambaye hupenywa zaidi hukunjamana mapema zaidi. Mvi nazo zina mpango wake: kwa wastani huanza katikati ya miaka ya 30 kwa watu wenye asili ya Ulaya, karibu na miaka 40 kwa Waasia, na katikati ya miaka ya 40 kwa Waafrika. Hata mifupa ina khabari yake, kwani huko Marekani wanawake weusi huvunjika nyonga mara chache zaidi kuliko wanawake weupe, na mifupa yao kwa wastani imeshiba zaidi. Haya siyakatai, tena niliyashuhudia kazini. Wapo mabibi wa Kiingereza ambao ngozi ya mikono yao ilikuwa nyembamba hata ukingo wa kitanda ukiwagusa ilichanika, na kitanda cha pili amelala bibi wa Kijamaika wa umri uleule, mkono wake umejaa na hauna doa.

Kazi hiyohiyo, hata hivyo, ilinionesha upande wa pili. Mzee anayelala muda mrefu bila ya kugeuzwa hupata vidonda vya kulalia, na dalili ya mwanzo kwa mtu mweupe ni wekundu kwenye kisigino, nyonga au chini ya mgongo. Kwa mtu mweusi wekundu huo ni shida kuuona. Inabidi mhudumu apapase kwa mkono: asikilize joto lililozidi, au baridi, au ngozi iliyokuwa ngumu kuliko ile ya pembeni yake, kisha amuulize mwenyewe kama panamuuma. Asiyejua kupapasa huja kukiona kidonda kimeshafunguka. Nimeona zaidi ya mara moja mwenzangu akiandika kwamba mgonjwa hana kitu, ngozi yake nzuri, na siku za mbele tukahangaika na shimo ambalo lingezuilika kwa kumgeuza tu. Ngozi inayoficha umri huficha na mengine.

Ushahidi ulio bora kuliko wote nimeukuta kwetu, kwa ndugu zangu wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Dada yangu mkubwa ni mshoni. Anashona ndani ya chumba chake Kikwajuni, akitoka hujifunika vizuri, na ukimtazama uso utampunguzia miaka 10 bila ya kusita. Mdogo wangu amebaki Jambiani akilima mwani, kilimo ambacho kwetu kilianza kwa biashara mwaka 1989, hapo Jambiani na Paje, na ambacho wakulima wake wengi ni wanawake. Siku za bamvua huingia pwani maji yanapokupwa, akainama kwenye kamba na vigingi kwa saa nyingi, jua likimpiga kutoka juu na kumrudia tena kutoka kwenye maji. Nilipokaa naye mkekani nilimtazama kwa karibu: pembeni ya kila jicho ana mistari mizito iliyotokana na kukaza macho kwenye mng'aro, shingo imekauka na kuingia vijiraba vidogo vidogo, na viungo vya vidole vimepasuka kwa chumvi, ufa juu ya ufa, mipya juu ya ile iliyopona. Mgeni akiwakuta pamoja humwamkia yeye kwanza kwa kumdhani ndiye mkubwa. Kabila lao ni moja na wamekulia chungu kimoja.

Katika ukoo huohuo tunaye kijana mwenye ualbino. Hakuna awezaye kusema kwamba yeye ni wa kabila jengine, kwani wazazi wake tunawajua na mababu zake tunawataja. Lakini ngozi yake haina ile rangi ya kumkinga, na jua la hapa limemtia madoa na mikunjo ambayo ndugu zake hawataipata mpaka uzeeni, mbali na khatari ya saratani ya ngozi, ambayo hukatisha maisha ya watu wengi wenye ualbino katika bara letu. Anachohitaji ni kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua, na nasikitika kwamba mafuta hayo bado ni ghali mno kwa familia ya kawaida.

Tukiuacha uso tukaingia ndani ya mwili, khabari ya kabila inazidi kudhoofika. Mwaka 1997 mtafiti Richard Cooper na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu wenye asili ya Afrika Magharibi waliokuwa wakiishi sehemu tofauti. Waliokuwa na shinikizo la damu walikuwa asilimia 16 kwa waliobaki Nigeria na Kameruni, asilimia 26 kwa wale wa visiwa vya Karibiani, na asilimia 33 kwa wale wa Marekani. Asili ni moja, na kilichobadilika ni chakula, uzito na namna ya kuishi. Baadaye walipowalinganisha na watu wa Ulaya, Wajerumani walionekana kuwa na presha nyingi kuliko hata Wamarekani weusi. Naye mtafiti Arline Geronimus, tangu mwaka 1992, amekuwa akieleza kwamba afya ya wanawake weusi wa Marekani huchakaa mapema kwa sababu ya dhiki na ubaguzi wanaokutana nao kila siku. Kwa hiyo watu walewale ambao nyuso zao huchelewa kuzeeka, mishipa yao hutangulia. Kuhusu Wahindi na sukari, lipo la kweli, kwani madaktari wa Uingereza huwataka watu wenye asili ya Asia Kusini wajihadhari kwa uzito mdogo kuliko ule wa Wazungu. Lakini hiyo ni khatari ya maradhi fulani, si kuzeeka kwa mwili mzima.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa mji wa Dunedin, New Zealand, ambako watoto waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni. Walipofika miaka 38 walipimwa figo, ini, mapafu, moyo, meno na mengineyo, kisha ukakadiriwa umri wa miili yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kwamba wapo waliokuwa na mwili wa miaka 28 na wapo waliofika 61. Wengi wao sana ni watu wa asili ya Ulaya, mji mmoja, umri mmoja. Mwanya wa zaidi ya miaka 30 ndani ya kundi moja ni mpana kuliko tofauti yoyote ninayosimuliwa barazani baina ya kabila na kabila.

Tena sisi wa visiwani tuna sababu zaidi ya kutolitegemea jina la kabila katika jambo hili. Baina ya sensa ya mwaka 1924 na ile ya mwaka 1931, walioandikishwa kuwa ni Waswahili hapa Zanzibar walipungua kwa maelfu. Hawakufa wala hawakuhama, walichagua kuandikwa kwa majina ya makabila mengine. Na mwaka 2023 wanasayansi waliochunguza mifupa ya watu waliozikwa karne nyingi zilizopita katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa walieleza kwamba wengi wao walichanganya asili ya Afrika, hasa kwa upande wa mama, na asili ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba. Anayetaka kujua Mswahili huzeeka vipi kwa kabila lake inabidi kwanza aamue ni nusu ipi anayoiuliza.

Nimerudi na mashine ya kupimia presha. Nilimpima kwanza mdogo wangu wa pwani, yule mwenye uso wa kuchoka, nikapata 118 kwa 76. Nikampima dada, nikapata 172 kwa 104, juu mno. Nikasubiri, nikampima tena mkono wa pili, ikawa vilevile. Aliniambia, "Mdogo wangu, mashine yako hiyo imeharibika njiani. Mimi nimekaa kimgonjwa?" Nikamwambia, "Dada, presha haikai usoni." Anakaa kwenye cherehani tangu alfajiri, hutembea kidogo sana, na anapenda ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Si yeye peke yake. Wanawake na wanaume niliosoma nao skuli wameanguka kwa kiharusi wakiwa hawana mvi hata moja, na matangani watu wakashangaa kwamba marehemu alikuwa bado kijana kabisa.

Ndiyo maana naumia ninapokumbuka watu wa hapa walivyokuwa wakiniagizia krimu. Nyengine ni za kuzuia mikunjo, na hizo hazina dhara kubwa isipokuwa kwenye pesa. Lakini nyengine ni za kujichubua, ambazo kemikali yake ya haidrokwinoni kazi yake ni kuizuia melanini isitengenezwe, na zile zenye steroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe, huifanya ngozi iwe nyembamba. Mtu huilipia kinga yake mwenyewe iondolewe, katika nchi ya jua kama hii, kisha akiitumia muda mrefu mashavu hutoka mabaka meusi yasiyotibika kwa urahisi. Wasichana wawili wa mtaani nimewaambia hivyo waziwazi mbele ya mama zao, na nitaendelea kuwaambia.

Dada alikubali kwenda kituo cha afya baada ya mume wake kuniunga mkono, akapewa dawa na akaambiwa apunguze chumvi. Alitaka kuziacha baada ya muda mfupi kwa kuwa hakuona tofauti yoyote mwilini, na ilibidi nimkumbushe kwamba hata presha ilipokuwa juu hakuona kitu. Pensheni jamii ya wazee, iliyoanza hapa Zanzibar mwezi wa Aprili 2016, hupewa mtu akitimiza miaka 70, na mimi nataka aende kuipokea kwa miguu yake. Mashine nimemwachia. Hupima asubuhi na usiku, na matokeo huyaandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja wake. Mara ya mwisho alinisomea 146 kwa 90, na daktari amesema bado inatakiwa kushuka.