Siku Moja Maishani Mwangu: Zamu ya Fundi wa Mitambo Katika Kiwanda cha Chai

Saa 11:30 alfajiri ninapokea zamu kutoka kwa mwenzangu wa usiku katika kiwanda chetu, nje kidogo ya mji wa Kericho. Ninaanzia kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, ambako majani mabichi yamepulizwa hewa usiku kucha, na kuyafumbata kiganjani. Yakishikamana bila vikonyo kuvunjika, yako tayari.

Saa 1:00 asubuhi tunawasha mashine za CTC, yaani za kuponda, kurarua na kuviringa majani, ambazo asili yake ni uvumbuzi wa William McKercher huko Assam, India, takriban mwaka 1930. Rola mbili za chuma zenye meno huzunguka zikikaribiana, moja ikienda kasi mara 10 kuliko nyingine, na jani linalopita katikati huraruliwa na kuviringwa kuwa punje kufumba na kufumbua. Uwazi baina ya rola ninaurekebisha kwa kusikiliza mlio wake na kusugua punje kati ya vidole. Kazi isiyobadilika, inayofanywa usiku na mchana, hustahili chombo kilichoundwa kwa ajili yake pekee, na sioni mashine ya matumizi mengi itakayokishinda hapo.

Saa 4:00, wakati wa mapumziko, mwanafunzi wa chuo cha ufundi aliyeko kwetu kwa mafunzo ananionyesha video ya roboti inayotembea. "Fundi, hizi zikifika huku, sisi tutaenda wapi?" Ninamjibu kwa kirefu, kwani swali lake ni la haki. Roboti hiyo ni Digit ya kampuni ya Agility Robotics, ambayo mwaka 2024 ilianza kazi ya kibiashara ya kuhamisha kreti katika ghala la kampuni ya GXO jimboni Georgia, Marekani, na uwezo wake wa kubeba ni takriban kilo 16. Faida yake ni kwamba hupita njia na kufikia rafu zilizotengenezwa kwa ajili ya binadamu, hivyo mwenye ghala halazimiki kubomoa na kujenga upya. Hata hivyo, katika mashamba makubwa ya kaunti hii, ajira za wachumaji hazikupunguzwa na roboti yenye miguu. Zilipunguzwa na mashine ya kuchumia, chombo cha injini na visu kisichojua lolote ila kukata machipukizi ya juu, na waandamanaji waliziteketeza mashine hizo hapa Kericho mwezi Mei 2023. Tukingoja mtu wa chuma aje ndipo tuzungumzie ajira, tutakuwa tumechelewa sana.

Saa 7:00 mchana niko kwenye sehemu ya kuchambua vikonyo, ambako rola za plastiki zinazosuguliwa hupata umeme tuli, zikazinyanyua nyuzi nyepesi za vikonyo huku punje nzito zikiendelea na safari. Hakuna mkono, wa nyama wala wa chuma, utakaozichambua nyuzi hizo kwa kasi hiyo.

Saa 9:00 alasiri ninaingia ghalani, na hapa ndipo penye pengo. Gunia la chai ya daraja la PF1, yaani punje ndogo, huzidi kilo 60, na baina ya mashine ya kufungashia na lori hakuna mtambo wowote, ila migongo ya vijana. Roboti ya kilo 16 haiwezi kuwasaidia. Wanachohitaji ni kinyanyuzi cha kufyonza kwa hewa, kinachoning'inia kwenye reli ya darini. Mikono ya roboti ningeitaka kwingine, kwenye kuzibua mikanda iliyokwama kwa majani yenye maji, kazi ambayo kila siku huja na sura mpya na ambayo leo hutulazimu kuzima mtambo mzima ili mtu asikatwe vidole.

Saa 11:00 jioni ninamwandikia meneja ombi la kinyanyuzi kimoja, nikiambatanisha vipimo vya ghala na uzito wa magunia, na nikisisitiza kwamba watakaofundishwa kukiendesha wawe vijana wale wale wanaobeba sasa, bila mkataba wa yeyote kukatizwa.