Prosesa ya kompyuta inapozwa kwa maji halafu inasoma digrii 85, ndo nini sasa?

Watu wengi huku Tanga wakishafunga mfumo wa maji wanategemea prosesa iwe baridi kama soda ya friji, haiwi hivyo bana. Maji hayatengenezi ubaridi, yanabeba tu joto toka kwenye prosesa yanalipeleka kwenye radieta, feni zinalipuliza nje, kwa hiyo hayawezi kushuka chini ya joto la chumba chako, na mwezi wa pili chumba cha Ngamiani mchana kinaweza kugonga 32 hata madirisha yakiwa wazi, sasa ile 28 uliyoiona kwenye video ya mtu wa Kanada utaitolea wapi?

Halafu hiyo namba inaruka. Unafungua Chrome tu inatoka 45 mpaka 65 kisha inarudi, kawaida kabisa, chipu ni ndogo mno na joto linazaliwa hapo hapo kabla maji hayajajua kitu. Maji yenyewe yanapanda taratibu, dakika kadhaa, ndo maana kama mfumo wako una sensa ya maji feni ziambie zifuate hiyo, zikifuata prosesa zitapandisha na kushusha kelele mpaka ukome.

Prosesa za AMD za Ryzen 7000 zile kubwa kubwa ukizibana kazi nzito zinaenda mpaka 95 kwa makusudi, wenyewe wamezisanifu hivyo. Cha kuogopa ni 90 wakati hujafungua kitu. Hapo gusa pampu inayosukuma maji, kama haitetemeki hata kidogo basi huenda imekufa, na kama inakoroma kuna hewa imeingia, radieta ihamishie sehemu ya juu ya keisi ili hewa ikae huko, isikae kwenye pampu.