Salima si Salama: siku yangu ya kazi na majina yanayokaribiana

Saa 2 asubuhi, Mwanza. Chai sijaimaliza, simu inaita. Ni nesi wa zahanati moja ya kijijini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo kompyuta yenu imemlaza wodini mtoto ambaye hajaumwa."

Nafungua faili. Salima Masanja na Salama Masanja: mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa. Mapacha! Aliyeugua malaria ni Salama, ila programu yangu jana usiku imewaunganisha wakawa mtu mmoja. Naomba radhi.

Kazi yangu ya asubuhi ni kuoanisha daftari za zahanati na orodha ya kaya. Mchana nakaa na watu wa maabara, tunasoma DNA ya vimelea vya malaria. Wengi hudhani ni kazi mbili, kumbe jedwali ni lile lile.

Saa 3 nalichora kwenye karatasi, maana nikikwama huwa siiamini skrini. Jina moja juu, jingine ubavuni. Kila kisanduku kinachukua njia ya bei ndogo: kubadili herufi, kuongeza au kufuta. Namba ya kona ya mwisho ndiyo umbali, yaani jumla ndogo kabisa ya bei za kugeuza jina moja kuwa jingine. Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Kisovieti, aliueleza mwaka 1965 akishughulika na ujumbe unaoharibika njiani. Majina ya Kanda ya Ziwa hayakumhusu.

Salima na Salama: umbali 1, watu wawili. Muhammad na Mohamedi: umbali 4, mzee mmoja yule yule, inategemea tu nani alishika kalamu.

Basi nabadili bei. L na R nusu, maana Kulwa na Kurwa kwetu ni jina moja. U na O nusu, A na E nusu. M mbili zikiandikwa moja, bure. I ya mwishoni, bure. Narudia hesabu: Muhammad na Mohamedi inashuka hadi 1. Salima na Salama? 1 vilevile. Nacheka peke yangu.

Saa 5 naacha kuchezea bei, naongeza sharti: mama mmoja, tarehe moja, majina tofauti, programu isiguse. Wapelekwe kwenye foleni ya kuhakikiwa na mtu.

Saa 7 wali na dagaa. Hapo hakuna cha kusimulia.

Saa 8 maabara. Kila kipande cha DNA kina herufi 150 (A, C, G au T), na lazima tujue kinakaa wapi kwenye jenomu, yaani DNA yote, ya kimelea cha malaria Plasmodium falciparum, yenye herufi takriban milioni 23. Ukijaza jedwali lote ni visanduku karibu bilioni 3.5 kwa kipande kimoja tu, na vipande havihesabiki kwa vidole. Dawa yake ni ya mchezo wa watoto: rusha mawe manne kwa kuku watano, hata ukilenga vipi mmoja atabaki mzima. Ukiruhusu makosa manne, kata kipande katika sehemu tano, herufi 30 kila moja. Lazima sehemu moja ilingane bila dosari. Unaitafuta hiyo kwanza kwenye faharasa, kisha jedwali unalijaza pale pale ilipoangukia.

Kero ni kwamba karibu asilimia 80 ya herufi za kimelea huyu ni A na T. Kipande cha ATATATAT kinakaa popote, kama Juma asiye na jina la baba. Hivyo tunaviweka kando.

Saa 9 na nusu tunafika kwenye jeni ya kelch13. Huku umbali wa 1 ndio tunaouwinda: G moja ikigeuka A, asidi amino ya 561 (kiungo kimoja cha protini) inabadilika, na kimelea anachelewa kufa kwa artemisinini, dawa ya malaria. Badiliko hilo limeonekana Rwanda, na kwetu Kagera. Mwenzangu anauliza tutajuaje, A ikionekana, kama si kosa la mashine. Tunahesabu vipande vinavyopita hapo. Vyote vina G, badiliko halipo. Tunaendelea na sampuli inayofuata.

Saa 11 nachungulia foleni ya asubuhi: jozi 312. Ya kwanza ni Kulwa na Kurwa, kijiji kimoja, tarehe moja. Naapa huyu ni mtu mmoja. Lakini kesho nitampigia mama nesi kwanza.