Leo nimemrusha mama

Alhamdulillah. Leo asubuhi nilikaa kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, kwenye ndege ya ATR 72, Dar kwenda Zanzibar, na mama yangu alikuwa abiria. Nina miaka 23.

Nilianza mafunzo uwanja wa Wilson, Nairobi, nikiwa na miaka 18, kwenye ndege ndogo ya Cessna 172. Kila saa ya kuruka ni pesa, na saa zinazotakiwa kabla ya kupata leseni ya urubani wa biashara ni nyingi. Baba akauza kiwanja. Hata hivyo ada ilikwama, nikarudi nyumbani miezi saba, nasoma masomo ya hali ya hewa peke yangu usiku. Hakuna mtihani ulioniuma kama miezi ile.

Bado ni rubani msaidizi. Leseni ya juu, ya kuwa kapteni, inataka saa 1,500 za kuruka, na nitazifikisha inshallah.

Tulipotua, abiria wote wakashuka, mama akabaki kitini na mkanda wake. Nikamfuata. Akapapasa mistari ya dhahabu begani kwangu, mmoja mmoja, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hukuniambia bahari ni ya kijani vile?"