Mdogo wangu na kikao cha shilingi 500

Mdogo wangu alikuwa na miaka 19 alipoacha kwenda chuo. Hakutuambia. Asubuhi alivaa viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda na mkoba mapajani, na saa nne nikamkuta pale pale, kamba hazijafungwa. Tunaishi Kayole, Nairobi, chumba kimoja na pazia katikati, kwa hiyo usiku namsikia akigeukageuka mpaka alfajiri.

Mama alisema aombewe, akaombewa, na maombi yalimpa mama nguvu. Lakini kijana alizidi kukonda.

Kliniki ya kwanza ya ushauri nasaha niliyopigia ilitaka shilingi 3,500 kwa saa moja. Mimi nauza mitumba Gikomba. Sina pesa hiyo kila wiki. Nikataja Mathari, hospitali ya umma ya magonjwa ya akili, akageukia ukutani. Namwelewa. Tangu shule ya msingi tulitukanana kwa jina hilo, na hali hospitali yenyewe inahudumia wagonjwa tangu 1910. Aibu hiyo imewafungia vijana wengi mlango, na inaniuma sana.

Usiku mmoja nikapiga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, ambayo haikati pesa. Mhudumu aliyepokea hakuniharakisha. Aliuliza lile nililokuwa naliogopa: amewahi kusema anataka kufa? Nikamwuliza mdogo wangu hapo hapo, simu sikioni.

"Hapana, dada. Nimechoka tu."

Wiki mbili nilikuwa sijamsikia akisema maneno mengi kiasi hicho.

Yule mhudumu ndiye aliyenieleza nitafute vituo vinavyofunza washauri nasaha. Mwanafunzi anayekaribia kuhitimu hana budi kuketi na watu wenye shida zao, akiwa chini ya msimamizi, na ada yake huwa ndogo. Kituo cha Amani, kilichoanza 1979, ni kimojawapo, na viko vingine. Nilipofika mapokezi ya kile kilichokuwa rahisi kwetu kufika, nikasema wazi: naweza 500, zaidi ya hapo sina. Wakaandika 500. Laiti ningejua mapema kwamba bei hiyo huzungumzwa! Nikauliza pia msimamizi ni nani na kama amesajiliwa, maana sheria ya Kenya ya 2014 kuhusu washauri nasaha na wanasaikolojia inataka hivyo.

Nauli ndiyo iliyotutesa. Kutoka Kayole, kwenda na kurudi, watu wawili, ilikaribia ada yenyewe. Baada ya vikao vinne tukaomba tuje kila baada ya wiki mbili, wakakubali. Kwenye vikao hivyo vya kwanza, aliniambia baadaye, alikuwa akitazama dirisha tu, na kaunsela wake akamwachia atazame.

Siku ya kikao cha saba, matatu ilikwama kwenye foleni ya Donholm. Akaniambia alifeli mitihani ya muhula na hakujua atamwambiaje mama. Nikamshika mkono, sikusema kitu. Tuliposhuka alinunua mahindi choma mawili, akanipa lile kubwa.