Kura ya baba haimo katika zile 1,808,616

Nilikuwa nimechoka na maembe. Kila kitabu cha hisabati ukifungua mada ya asilimia, Juma ana maembe 40 na kauza 10. Muhula uliopita nikawaandikia Kidato cha Pili namba tatu ubaoni: 27.8, 7.8, 0.75. Nikawaambia wachore grafu, kisha wanieleze wanaona nini. Mstari ukashuka kama jiwe kisimani. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, ni bei ya nyanya?"

Si bei ya nyanya. Ni asilimia ya kura alizopata Augustino Lyatonga Mrema akigombea urais mwaka 1995, 2000 na 2005. Nilipowatajia jina, wawili watatu wakasema ndiyo, wamemwona kwenye simu: yule mzee aliyeoa akiwa na miaka 77. Basi. Mtu ambaye baba zao na babu zao walilisukuma gari lake kwa mikono, likiwa na mafuta na injini nzima, wao wanamjua kwa harusi.

Nikalibeba jedwali la kura zake hadi Tandika kwa wazazi, kumwonyesha baba. Mzee alibeba mizigo bandarini miaka 26 na siasa za Temeke anazo kichwani zote. Akavaa miwani, akaishika karatasi mbali na macho, akasoma: 1995, kura 1,808,616. Akairudisha.

"Hii ya kwanza si sahihi."

Nikamwambia ndiyo hesabu ya Tume ya Uchaguzi. Mkapa 4,026,422, Mrema 1,808,616, Lipumba na Cheyo wanafuata. Akasema hagombani na Tume, ila yeye alipiga kura na humo hayumo.

Hapo ndipo nikakumbuka. Tarehe 29 Oktoba 1995 nilikuwa na miaka tisa. Baba na mama walitoka asubuhi na mapema kwenda kupanga foleni, mimi nikaachiwa wadogo zangu na sufuria ya viporo. Vifaa vya kura havikufika kwa wakati. Vituo vingine Dar es Salaam vilifungua mchana, vingine vilikosa hiki au kile. Walirudi magharibi, mama kavimba miguu, lakini vidole vina wino. Halafu ikatangazwa kwamba uchaguzi wa Dar es Salaam umefutwa, majimbo yote saba, na utarudiwa tarehe 19 Novemba. Wagombea urais wa upinzani wakasema hawarudii. Baba naye hakurudi foleni. Kwa hiyo kura ya kwanza ya vyama vingi aliyopiga maishani iliishia sijui kwenye gunia gani.

Ili uelewe kwa nini mbeba mizigo Mndengereko, mzaliwa wa Rufiji, alimpenda Mchagga wa Kiraracha kiasi hicho, lazima urudi nyuma kidogo, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Rais Mwinyi, mbunge wa Moshi Vijijini tangu enzi za chama kimoja, kabla ya hapo mwalimu na mtu wa Usalama. Wizara ile kwa kawaida raia huikwepa. Yeye akaigeuza baraza la wazee. Sungusungu wakaingia mitaani mjini, vituo vidogo vya polisi vikajengwa kwa michango ya wakazi, na watu wakawa wanakwenda na shida zao wizarani: huyu kadhulumiwa kiwanja, yule mumewe kamtelekeza. Na akawa na msemo wake wa siku saba. Nawapa siku saba mjisalimishe. Nawapa siku saba mrudishe. Msemo ule ukaingia hadi jikoni kwetu. Mama alikuwa anatupa siku saba tuseme nani kavunja kikombe. Jirani yetu, akikorofishana na mumewe, alipaza sauti ili mtaa mzima usikie: "Nitakupeleka kwa Mrema!" Mume alitulia. Sijui kama kweli angempeleka, ila alitulia.

Akapandishwa hadi Naibu Waziri Mkuu, cheo ambacho Katiba haikitaji na ambacho kimetokea mara chache mno. Kabla yake alikuwa nacho Salim Ahmed Salim, na baada yake tumekaa hadi 2023 kukisikia tena kwa Biteko. Kisha mwishoni mwa 1994 wakamhamishia Wizara ya Kazi na Maendeleo ya Vijana. Baba anasema kila mtu bandarini alijua maana yake: simba kahamishiwa banda la kuku. Februari 1995 akasimama bungeni akaenda kinyume na serikali yake mwenyewe katika sakata la fedha zilizotolewa kufufua mashamba ya mkonge. Uwaziri ukaisha. Muda si muda akawa chama cha upinzani, NCCR-Mageuzi, na gari likaanza kusukumwa.

Kuhusu kusukumwa gari watu wameandika mengi ya kejeli. Mwalimu Nyerere mwenyewe alizunguka nchi kumnadi Mkapa, na alipokwisha kusema, wengi walirudi kundini. Mimi sina la kuongeza hapo, isipokuwa hili: asilimia 27.8 kwa mtu aliyehama chama tawala miezi minane kabla ya uchaguzi, katika nchi iliyokaa na chama kimoja miaka mingi namna ile, si kitu cha kuchekea. Ilipita miaka 20 kabla mpinzani mwingine hajaizidi asilimia hiyo, naye ni Lowassa, aliyetoka CCM vilevile.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Kwenye jedwali langu niliweka urais tu, kama wafanyavyo wengi wakimwandika Mrema: alipanda, akashuka, kwisha. Baba akaniambia niongeze safu ya ubunge. Nikaiongeza palepale kwa kalamu, na grafu ikawa kitu kingine kabisa.

Sheria yetu haimruhusu mtu kugombea urais na ubunge kwa pamoja. Ukiomba Ikulu ukaikosa, unarudi nyumbani mikono mitupu. Mrema aliomba Ikulu mara tatu mfululizo. Kila mara hiyo aliweka rehani nafasi ya kuingia bungeni, na kila mara akaipoteza. Lakini kila alipoomba jimbo peke yake katika miaka ile, alipata.

La kwanza lilikuwa letu. Mbunge wa CCM aliyepatikana Temeke katika ule uchaguzi wa marudio hakumaliza hata mwaka. Likazuka suala la elimu yake, akajiuzulu, na jina lake la ukoo likabaki katika Kiswahili cha mtaani hadi leo. Wanafunzi wangu wanaitana "kihiyo", yaani mtu asiye na sifa, bila kujua kwamba Kihiyo alikuwa mtu, tena mbunge wa babu zao. Ukaitishwa uchaguzi mdogo Oktoba 1996. CCM wakamsimamisha Abdul Cisco Mtiro. NCCR wakamleta Mrema.

Wachambuzi wanaodai Mrema alikuwa mgombea wa Wachagga wangekuja kusimama Tandika siku zile. Temeke ni ya Wazaramo, Wandengereko, Wamakonde, Wamatumbi, watu wa bandari, viwanda na magenge ya nazi. Wengi Waislamu, mgombea Mkatoliki kutoka mlimani. Wakamchagua. Baba anasema ilikuwa kulipwa deni la Oktoba iliyotangulia: ile kura waliyoifuta, safari hii wataihesabu. Nakumbuka vifijo vilivyopita barabarani kwetu usiku ule na baba akiingia ndani sauti imekauka, anaomba maji kwa ishara.

Halafu ikawa yale ya NCCR. Mrema na Mabere Marando, mwenyekiti na katibu mkuu, wakashikana mashati, chama kikapasuka. Kilikuwa na wabunge 16 wa majimbo mwaka 1995. Uchaguzi wa 2000 kikarudi na mmoja. Mrema mwenyewe hakusubiri. Mwaka 1999 akahamia TLP, chama kingine cha upinzani. Kwa Katiba yetu mbunge akihama chama kiti hakimfuati.

"Alituacha kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye daladala," baba alisema, na hasira ilikuwa bado imo. Nikamwuliza basi 2000 alimpa nani. Akaniambia kura ni siri. Tangu lini? Tangu 2000.

Mwaka ule Mrema alipata kura 637,115. Mwaka 2005 zikawa 84,901. Sina hamu ya kuzieleza sana, zinajieleza.

Safu ya pili ya ubunge niliishuhudia mwenyewe. Mwaka 2009 nilipangiwa kufundisha upande wa Himo, kule barabara inapogawanyika, moja Marangu, moja kuelekea mpakani Holili. Mtoto wa Tandika kwenye baridi ile, nililala na soksi miezi miwili. Mwaka uliofuata Mrema akaja kugombea Vunjo, kwake hasa. Safari hii urais kawaachia wengine. Nilikwenda kumsikiliza siku moja ya soko, nimesimama katikati ya magunia ya mahindi. Nilitegemea yule wa siku saba. Nikamkuta mzee wa miaka 65, anaongea taratibu, anataja barabara kwa majina: ya Kilema, ya Kirua, ya Mwika. Mama mmoja mwenye ndizi kichwani akaniambia, "Huyu Lyatonga wetu alikwenda kutembea. Sasa amerudi." Sikusikia uchambuzi wa kisiasa uliokuwa mfupi na kamili kuliko ule.

Akashinda, na TLP nchi nzima ikawa na kiti hicho kimoja tu. Bungeni akapewa uenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ile inayowaita wakurugenzi wa halmashauri na vitabu vyao. Kazi ilimkaa kama kanzu ya Idi. Ilikuwa ni Mambo ya Ndani ile ile, ila badala ya mume mkorofi sasa ni mweka hazina asiye na stakabadhi.

Mwaka 2015 wakamtoa. Nilikuwa bado Himo. Upepo wa Lowassa uliikumba Kilimanjaro yote, UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakakubaliana kiti cha Vunjo agombee James Mbatia, na Mbatia alikuja kwa tiketi ya chama gani? NCCR-Mageuzi. Chama kilekile. Nadhani hata mtunzi wa tamthilia angeona haya kuandika mgeuko wa namna hiyo. TLP ikatoka bungeni pamoja naye. Mwaka uliofuata Rais Magufuli akamteua mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole, awaangalie wafungwa wanaostahili kumalizia vifungo nje. Yeye ambaye ndiye aliyewahi kuwa waziri wa magereza hayohayo. Mwaka 2020 TLP haikuweka mgombea urais, ikamuunga mkono Magufuli, na Vunjo ikaenda kwa Charles Kimei wa CCM. Agosti 21, 2022 Mrema akafia Muhimbili, wakamzika kwao Kiraracha.

Hayo ndiyo niliyokuwa namweleza baba, nikijisikia nimepata jibu: kwamba watu hawakumkinai Mrema, walijua tu wanamtaka wapi. Walimtaka mlangoni, awasikilize. Hawakumtaka Ikulu. Baba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hilo ni la mwalimu wa hisabati, lina mstari ulionyooka mno. Yeye alimtaka Ikulu. Alisimama foleni kutwa nzima akimtaka Ikulu.

Sikuwa na jibu. Nikachukua penseli, kwenye safu ya 1995 nikafuta 6 ya mwisho, nikaandika 7.

Baba akaangalia. "Na mama yako? Alisimama na mimi. Andika 8."

Nikafuta tena. Mama alikuwa uani anachambua mchele, kumbe masikio yote yako huku.

"Nani kawaambia mimi nilimpa Mrema?"

Kimya.

"Wewe si tulisimama pamoja?" baba akauliza.

"Tulisimama pamoja. Ndani kila mtu aliingia peke yake." Akapeta mchele mara mbili, tatu. "Mimi nilimpa Mapesa."

Miaka yote hiyo! Cheyo! Baba alivua miwani, akaifuta, akavaa tena, akamwangalia mama kama mtu aliyekabidhiwa matokeo ya marudio.