Netiweki ikikata na mto umekuja, tunaambizana vipi?

Sisi wa Kasese mjini, magharibi mwa Uganda, kuangalia mawingu ya hapa juu ya vichwa vyetu hakutoshi, tunaangalia kule milimani, maana mvua inayotuletea balaa inanyesha huko Rwenzori na huku chini unaweza kukuta jua linawaka kabisa, watu wameanika mihogo, halafu mto wetu Nyamwamba unashuka na matope, magogo na mawe ambayo hata trekta haliyasogezi. Ilikuwa hivyo Mei 2013, ikawa hivyo tena Mei 2020 tukiwa kwenye lokdauni ya korona, na hospitali ya Kilembe ikapigwa mara zote mbili. Kwa hiyo aliye juu anajua kabla ya aliye chini. Hapo katikati kuna dakika za kuokoa watoto na wazee, na dakika hizo ndizo zinanifanya niandike leo, kwa sababu nikiuliza watu tutaambizana vipi najibiwa "si kuna grupu la WhatsApp".

Jamani, grupu la WhatsApp ni zuri kwa matanga na harusi. Usiku wa mafuriko stima inakatika, mnara wa simu unabaki kwenye betri au jenereta na hizo zina mwisho wake, nyaya zinazopita darajani zinaondoka na daraja, na hata kama mnara umesimama sote tunapiga kwa wakati mmoja, njia zinajaa, unasikia tu ile sauti ya mteja hapatikani. Na wengi bando limeisha tangu jioni.

Cha kwanza basi, acha kupiga, tuma meseji ya kawaida. Meseji ni ndogo, inapenya pale ambapo simu ya sauti inakataa, na kama simu ya mwenzako imezimwa au haina netiweki meseji inamsubiri kwa kampuni ya simu mpaka atakaporudi hewani. Lakini iandikwe ikiwa na maana. Ile ya "hali mbaya tuombeeni" inaongeza hofu tu, mtu hajui akufuate wapi. Mimi naandika hivi: "Tuko wazima 5. Tuko shule ya msingi ya juu ya barabara. Bibi anahitaji dawa ya presha. Simu inaisha chaji, nitawasha saa 12 asubuhi." Halafu inaenda kwa mtu mmoja tu, shangazi aliye Mbarara, kwa sababu huko kwao hakuna mafuriko, stima ipo, netiweki ipo, na ukoo mzima unajua habari zinaulizwa kwa shangazi. Hii ya kuwa na mtu mmoja wa mbali mnayeripoti kwake nyote ni ya bure kabisa na sijui kwa nini familia nyingi hazina.

Redio nayo tumeanza kuidharau bure. Simu nyingi za tochi zina FM ndani, unachomeka iyafoni zinakuwa ndio antena, hakuna bando wala nini. Stesheni ya hapa ikizimika, ya wilaya ya jirani huenda bado ukaikamata ukipanda sehemu iliyoinuka. Ila naomba watangazaji wetu wanisikie hapa, tangazo la hatari likitoka kwa Lhukonzo, lugha ya Wakonzo wa hapa, peke yake kuna watu limewapita, na huku tuna wafanyabiashara kutoka Congo wanaolala gesti kwa sababu ya soko la Mpondwe pale mpakani, na baadhi yao Kiswahili ndicho wanachoshika. Sentensi mbili za Kiswahili zinatosha.

Sasa nije kwenye lile linalonikera, yaani onyo lenyewe, la kutoka juu kuja chini. Wazee wetu walikuwa na ngoma na mayowe, kila mtu akisikia anajua kuna jambo, anatoka nje. Leo tuna kengele za kanisa, spika za msikiti, zile spika za juu ya mlingoti zinazotangaza matangazo ya mtaa kuanzia alfajiri, na firimbi ambayo haina bei ya kumshinda mtu. Vifaa vipo! Kinachokosekana ni kukubaliana. Kengele ikilia usiku wa manane inamaanisha nini, moto, wezi, au mto? Tukae na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, tuseme firimbi tatu, kimya, tatu tena, maana yake toka bondeni, na mtu akisikia naye apulize ili wa chini yake asikie, hivyo hivyo nyumba kwa nyumba mpaka mjini. Firimbi inafika mbali kuliko koo la mtu na haikauki. Watoto waambiwe kabisa siyo ya kuchezea. Na spika za mlingoti ziwekewe betri ya sola, maana spika inayotegemea stima ya kawaida itanyamaza siku ile ile tunayoihitaji.

Jirani yangu mmoja hasikii. Firimbi, kengele, ngoma, kwake vyote ni kimya. Tulikubaliana kijana wa nyumba ya pili akisikia onyo aende dirishani kwake ammulike na tochi, awashe na kuzima, awashe na kuzima, na kama haamki aingie, ufunguo anao. Kila mtaa una mtu kama huyu, na kama hakuna aliyepewa kazi hiyo kwa jina basi hakuna atakayeifanya.

Kuna pia programu za simu kama Briar na Bitchat zinazopitisha ujumbe simu kwa simu kwa Bluetooth bila intaneti. Wengi tulianza kufikiria programu za aina hii baada ya Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Sokoni au kambini zinaweza kusaidia, watu wamekaribiana, lakini kwenye kijiji ambacho nyumba zimetawanyika mlimani Bluetooth haifiki, na lazima uziweke kabla ya balaa. Redio za mkononi za kuongelea, zile woki-toki, ni bora zaidi, ila zinataka leseni ya UCC, tume ya mawasiliano, kwa hiyo kwa mtu wa kawaida cha maana ni kujua nani anazo karibu nawe. Maaskari wa UWA, mamlaka ya wanyamapori, wa hifadhi ya Rwenzori wanazo, polisi wanazo, Msalaba Mwekundu vilevile. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuwafikia kabla simu haijarudi.

Na boda zetu. Daraja likienda, boda mmoja huku, mwingine ng'ambo, habari inavuka kwa kupigiwa kelele au kwa karatasi iliyofungwa kwenye jiwe. Muhimu iandikwe, maana habari ya mdomo ikipita kwa watu wanne majeruhi wawili wanageuka maiti kumi.

Nyinyi mnaokaa juu Kilembe, nawaomba sana mniandikie: mkisikia mawe yanaanza kugongana mtoni usiku, sasa hivi mnamwambia nani, na kwa njia gani? Nikipata majibu yenu nitayapeleka kwa mwenyekiti wetu, kikao kijacho nimeshaomba nafasi ya kuongea.